Pirogi Iliyolala Rwambuzi

Mume wangu Katsuva ni seremala, na kiangazi kile chote alikuwa na pirogi, mtumbwi wa mbao. Sisemi alikuwa nayo ziwani. Ziwa liko Kasenyi, chini kabisa, mwendo wa saa mbili kwa lori ukishuka mlima, tena siku ambayo barabara imekubali. Pirogi ya mume wangu ilikaa hapa Bunia, uani kwetu mtaa wa Rwambuzi, imelazwa juu ya meza zake mbili za kazi, kati ya kamba yangu ya nguo na jiko langu la makaa. Ili nifike jikoni nilikuwa napita chini yake nimeinama. Majirani waliingia mmoja mmoja kuitazama, wakatikisa kichwa, wakaniambia, "Pole, Mama Joëlle," kana kwamba nimefiwa.

Pole hiyo niliipokea. Nilikuwa nimeistahili.

Sisi ni Wanande wa Butembo. Tulihamia Bunia vita vilipotulia, yeye na randa yake, mimi na magunia yangu ya maharagwe na vitunguu. Kwetu ni milimani, kuna baridi, na maji tunayoyajua ni ya kuteka, ya kufulia na ya mvua. Katsuva alifikisha miaka hamsini na saba bila kulowa juu ya magoti isipokuwa siku ya ubatizo wake. Lakini kwa mbao, mtu huyo msimguse. Milango ya nusu ya nyumba za Rwambuzi ni ya mkono wake, na hakuna hata mmoja unaokwama, iwe jua iwe mvua. Siri yake ni moja, naye humwambia kila anayepita mbele ya karakana: mbao kavu. Hanunui ubao leo akaupiga msumari kesho. Huuweka chini ya bati miezi minane, huugeuza, huunusa, huugonga kwa kidole na kusikiliza. Mteja akimharakisha, humwambia aende kwa waongo.

Tena ni mkaidi. Hapo ndipo penye shida, na nikianza tu kuieleza hasira inanipanda.

Binti yetu Joëlle alimpenda kijana wa Kasenyi, mvuvi, jina lake Élisée. Vizuri. Wavuvi nao ni watu. Tulikubaliana ukoo wake uje kwetu kujitambulisha, kama inavyotakiwa: wagonge mlango, wakae upande wao, msemaji wao aseme kilichowaleta. Siku ikapangwa, Jumamosi saa nne asubuhi. Kaka watatu wa Katsuva walipanda gari kutoka Butembo, siku mbili za vumbi, ili wakae upande wetu. Nilichinja kuku, nikapika wali, nikaazima viti kanisani. Saa nne ikafika, saa sita ikapita, wali ukapoa. Simu za Kasenyi hazikushika. Jioni kaka zake walivua tai. Jumapili tukangoja tena. Baada ya chakula cha mchana kaka zake wakapanda gari kurudi Butembo, na mkubwa wao akamwambia Katsuva getini, "Umetuleta kuangalia ukuta."

Jumatatu asubuhi wakafika: Élisée, baba yake, mama yake na mjomba mmoja. Waligonga. Katsuva hakufungua. Aliongea nao akiwa ndani, mlango umefungwa, mlango alioutengeneza mwenyewe, na sauti yake niliisikia kutoka jikoni.

"Bageni yangu balikuwa ba samedi. Leo ni lundi. Mumetuletea haya mbele ya bandugu yangu. Murudi kwenu. Na musikie vizuri: mguu yangu haitakanyaga mu kiwanja yenu, hata siku moja."

Joëlle alichukua mfuko wake, akapita mlango wa jikoni, akaondoka na Élisée na watu wake. Alinipita hatua mbili. Nilikuwa nimesimama na kifuniko cha sufuria mkononi, sikumzuia, na sijui hadi leo kama nilifanya vema au vibaya. Walifunga ndoa Kasenyi bila baba yake.

Utaniuliza kwa nini hatukutaka kujua walikochelewa watu wale. Nami nitakujibu kwamba wakati ule kila mtu aliyechelewa Bunia alisema barabara ilikuwa mbaya. Redio ilitutangazia amani kila asubuhi baada ya wimbo wa taifa, na kila wiki tukasikia kuna mahali pamefungwa, kuna lori limerudi, kuna kijiji kimelala porini. Neno hilo lilikuwa limechakaa. Tulilisikia kama tunavyosikia jogoo.

Miaka minne ikapita hivyo. Joëlle akazaa mtoto wa kike, wakamwita Patience. Mimi nilikuwa nashuka kumwona, kwa sababu mguu wangu haukuapa kitu. Joëlle naye alikuwa na kichwa cha baba yake: kama baba haingii kwake, yeye haingii kwa baba, wala mtoto haendi. Mimi ndiye niliyebaki kupanda na kushuka na habari kama tarishi.

Mwezi wa kumi na moja wa mwaka wa nne nilirudi na picha ya Patience kwenye simu. Ana miaka miwili na nusu, ameshika samaki mkubwa kuliko kichwa chake. Katsuva aliitazama picha mpaka kioo cha simu kikazimika. Akaniomba niiwashe. Kikazimika tena. Kesho yake asubuhi nikasikia anashusha zile mbao zake nzuri kutoka darini, zile zilizokauka miaka mitatu, alizokuwa amezitunzia kabati la paroko.

"Unatengeneza nini?" nikamuuliza.

"Pirogi."

"Ya nani?"

"Yangu. Hauone bazungu ba ONG, bale ba misaada? Kwao sasa ni baridi, teluji inaanguka, na benyewe banashuka Kasenyi kila samedi kupumuzika ku maji. Siye hatutoke jasho? Siye hatuchoke?"

"Papa Joëlle, uliapa."

"Niliapa kiwanja. Sikusema ziwa. Ziwa ni ya Mungu."

Hebu niambie, ungemjibu nini mtu kama huyo? Mimi nilikwenda sokoni kuuza vitunguu.

Aliimaliza wiki ya Noeli, na sitamsingizia: ilikuwa nzuri. Mbao zilikutana mpaka usione mshono. Aliipiga msasa, akaipaka vanishi mara tatu, ikang'aa kama kitanda cha maharusi. Mzee mmoja aliyewahi kuvua samaki ziwani alikuja akaizunguka, akauliza pamba na lami viko wapi, vya kuziba katikati ya mbao. Katsuva alimwambia pamba na lami ni za watu wasiojua kuunga.

Jumamosi ya kwanza tuliipandisha juu ya Fuso la Ambroise, dereva anayeshuka tupu kila Jumamosi na kupanda na samaki. Katika kizuizi cha barabarani askari aliitazama pirogi, akatutazama sisi.

"Hii inatoka wapi?"

"Rwambuzi," akajibu Katsuva, amevaa shati lililofungwa vifungo vyote mpaka shingoni.

"Rwambuzi iko na ziwa gani?"

Walitushusha. Waliigeuza pirogi, wakaigonga, wakachungulia kama kuna bunduki, wakamwita mkubwa wao, naye akamwita mkubwa wake. Tulikaa hapo saa nzima juani. Tulipofika Jumamosi ya tatu walikuwa wamezoea. Walimpigia saluti na kumwita Amirali wa Rwambuzi, na mume wangu akaitikia saluti kwa heshima zote. Nilitamani ardhi inimeze.

Kasenyi ni joto. Ukitoka kwetu asubuhi umevaa sweta, unalivua nusu ya mlima, na ukifika chini unatamani kuvua ngozi pia. Kiangazi moshi wa majani yanayochomwa unajaa juu ya ziwa, ng'ambo ya Uganda haionekani, maji yanakwenda tu mpaka yanapotea. Lakini upepo unatoka huko, mwororo, na maji ni ya uvuguvugu kama ya kuogeshea mtoto. Wanawake wanafua, wengine wanakaanga samaki kwenye sufuria kubwa za mafuta, vijana wanashona nyavu huku wanabishana juu ya mpira, bata wanapita katikati ya kila kitu bila kuomba ruhusa. Ninakiri kwamba nilipapenda. Ningependa zaidi kama ningekuwa nimekaa pakavu.

Kwa maana ile kazi nzuri ya kitanda cha maharusi ilianza kuvuja tulipokuwa bado tunajipanga kukaa. Si tundu moja ambalo ungeweka kidole. Kila mshono ulitoa jasho. Katsuva alipiga kasia akiwa ameketi wima, mimi nilichota maji na kopo la maziwa ya unga na kuyamwaga nje, tukaenda hivyo kando ya ufuko kutoka soko la samaki mpaka mbele ya nyumba ya Joëlle. Hapo akatupa jiwe lenye kamba, pirogi ikasimama, hatua ishirini kutoka nchi kavu, mahali ambapo maji yanamfikia mtu kwenye mapaja.

"Joëlle!" akaita.

Binti yangu akatoka ndani ya nyumba. Alikuwa hajaisikia sauti hiyo miaka minne. Alisimama, akajifuta mikono kwenye kitenge, akajifuta tena mikono iliyokwisha kukauka.

"Papa? Unafanya nini mule?"

"Niko napumuzika," akasema Katsuva.

Ndivyo ilivyokuwa Jumamosi zote za kiangazi kile. Yeye alipumzika, mimi nikachota maji. Joëlle alikuwa anaingia ziwani mpaka magotini na kutuletea samaki kapitene wa kukaanga na bugali kwenye sahani, na Katsuva akala, kwa sababu chakula kilicholiwa majini, kwa sheria yake mwenyewe, si chakula cha nyumba ya mtu. Aliuliza habari za shamba, za kanisa, za bei ya nyavu. Élisée alisalimia kutoka ufukoni, mikono nyuma, kichwa chini, "Shikamoo, Papa," na Katsuva akajibu akiangalia upande wa Uganda, ambao hauonekani.

Na Patience alisimama mchangani, kidole mdomoni, akimtazama mtu aliye katika chombo.

Jumamosi ile ya kwanza Katsuva alisafisha koo. "Mulete mutoto," akasema, kama mtu anayeomba chumvi. "Nimushike kidogo. Nimutembeze hapa karibu."

Ndipo nikajua mbao za paroko zilishushwa darini kwa sababu gani. Mtu huyu alikuwa ametengeneza chombo kizima ili ambebe mjukuu wake bila kuvunja neno lake.

Joëlle alitazama miguu yangu, ilivyokuwa majini ndani ya pirogi. "Hapana, Papa. Mutoto yangu haingie mu kitu iko inakunywa maji. Kama Papa anataka kumubeba, Papa ashuke."

"Itatengenezwa," akasema Katsuva.

Tukarudi. Pirogi ikapanda juu ya vikapu vya samaki, na ilipofika nyumbani paka wote wa Rwambuzi walihamia uani kwangu. Nilimwomba aiache Kasenyi, majini. Akaniuliza aiache kwa nani. Nikamwambia, kwa mkwe wako, una mwingine? Akasema haachi mali yake mikononi mwa watu wasiojua samedi na lundi. Akaipandisha juu ya zile meza mbili, akaifungulia jua. Wiki nzima ilikauka. Mbao zikasinyaa, mishono ikafunguka kidogo, naye akaijaza vumbi la mbao lililokorogwa na gundi, akapiga msasa, akapaka vanishi. Jumamosi ya pili ikavuja zaidi. Akaikausha zaidi.

Mwanamke mmoja anayekaanga samaki jirani na Joëlle ndiye aliyeniambia, huku anacheka mpaka kitambaa cha kichwa kinamwanguka. Chombo cha mbao ni cha kulala majini, akasema. Kikilala majini mbao zinanenepa, zinabanana, kinajifunga chenyewe. Ukikianika kama mihogo, unakiua. Kila mtu hapa anajua. Nikamuuliza, na mkwe wangu anajua? Akacheka tena. Élisée ni mwana wa mtengeneza mitumbwi.

Nikamfuata Élisée nyuma ya nyumba. "Unajua na unanyamaza?"

"Mama," akasema, anachora chini kwa kidole cha mguu, "ni papa-mukwe. Ni fundi. Ntamufundisha mimi? Hajaniuliza kitu."

Nikamrudia Katsuva na maneno ya yule mwanamke. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia kwamba ameshika mbao tangu kabla sijaota meno ya pili, na mbao ya maji ni mbao ya kuoza. Niliweka kopo begani kwangu kama jembe. Mmoja haulizi, mwingine haambii asiyeuliza, binti hatii, mtoto anakua, na mimi nina malengelenge mkononi.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi wa kwanza ilikuwa ya joto kupita zote. Ambroise alituambia mvua zitaanza mapema mwaka huo, na zikianza yeye hashuki na pirogi juu ya matope. Kwa hiyo hiyo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho. Katsuva alikuwa ameongeza vanishi ya tano. Alikuwa amevaa kofia yake ya kanisani. Alikuwa ametengeneza hata kiti kidogo, chenye mgongo, saizi ya mtoto, akakikaza katikati ya pirogi. Nilipokiona kiti kile nilitaka kumkumbatia na kumpiga kwa wakati mmoja.

Tulifika mbele ya nyumba. Jiwe likazama. Maji yalikuwa yamekwisha kufunika kile kiti.

"Mulete mutoto," akasema Katsuva. "Leo iko muzuri."

Joëlle alisimama na mtoto kiunoni na kumtazama tu baba yake, na mimi niliona uso wa binti yangu umechoka, si kwa hasira, kwa kungoja. Na kopo lilikuwa mkononi mwangu, nachota, namwaga, nachota, namwaga. Jumamosi tano. Nikajiuliza mimi hasa nafanya kazi gani hapa. Nikajijibu: wewe, Kaswera, ndiye unayemzuia mwanamume huyu asishuke. Ukaidi wake unaelea kwa nguvu ya mkono wako.

Nikaweka kopo chini.

"Chota maji," akasema Katsuva.

"Nimechoka."

"Mama Joëlle, chota! Inajaa!"

"Ijae. Miaka mine nachota. Ijae, Papa Joëlle, ijae mpaka ku kofia yako!"

Nikapandisha kitenge, nikashuka majini, nikatembea mpaka ufukoni bila kugeuka. Nyuma yangu nilimsikia anaita jina langu la ubatizo, jambo asilolifanya tangu siku ya ndoa yetu. Nilipogeuka, pirogi ilikuwa imekaa juu ya mchanga wa chini, na Katsuva amekaa ndani yake, maji kifuani, kofia kichwani, kasia mkononi, kama mtu anayengoja kuhudumiwa. Kopo lilielea likaenda zake. Wanawake wa samaki waliacha kukaanga. Hakuna aliyecheka, na hilo lilikuwa baya kuliko kicheko.

Alikaa hivyo kwa muda. Angeweza kurudi sokoni kwa kupita majini, asikanyage kiwanja cha mtu. Nilijua anaifikiria njia hiyo, ninamjua. Kisha akasimama ili aende. Maji yakamtoka, suruali ikamganda, akainua mguu mmoja juu ya ukingo wa pirogi, halafu mwingine.

Patience akatoa kidole mdomoni.

"Mama! Koko iko na miguu!"

Alisema kwa furaha, kwa sauti ya mtu aliyegundua jambo kubwa. Tangu azaliwe alikuwa hajamwona babu yake isipokuwa kuanzia kifuani kwenda juu, ndani ya chombo. Joëlle akaweka kiganja mdomoni. Katsuva akainama, akaitazama miguu yake mwenyewe, mmoja, mwingine, kama mtu aliyeambiwa ana mtoto ambaye hakumjua.

Akatembea moja kwa moja kutoka majini. Akavuka mchanga, akapita nyavu, akaingia kiwanjani. Hakusimama mpakani. Alipiga magoti mbele ya mtoto, Patience akaja akamshika goti kuhakikisha, naye akambeba jinsi alivyo, amelowa chapachapa, na mtoto akakubali.

Mimi nililia. Watu wasinisingizie furaha. Nililia kwa hasira, kwa sababu nilikuwa na uwezo wa kuweka kopo chini tangu Jumamosi ya kwanza.

Élisée alikuwa ameingia ziwani kushikilia pirogi isiburutwe. Alikuwa anapitisha kiganja kwenye mishono, polepole. Katsuva alimwangalia kwa mara ya kwanza, uso kwa uso.

"Banasema pirogi inapashwa kulala mu maji. Ni kweli?"

"Ni kweli, Papa."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu samedi ya kwanza."

"Ju ya nini haukusema?"

"Papa hakuniuliza."

Mtoto alikuwa anamvuta Katsuva sikio. Akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sijazoea kuisikia kwake, "Na ile siku ingine. Ile samedi ya kwetu. Mulikuwa wapi?"

Élisée alitoka majini, akasimama mbele yake, mikono nyuma.

"Tulitoka hapa asubui sana, Papa. Tulipofika ku mulima, batu ya bunduki balifunga barabara, risasi ikaanza. Tukaruka ku lori, tukaingia mu majani, siye bote: baba, mama, muyomba. Tulilala mule samedi, tukalala dimanche. Lundi asubui ndio barabara ilifunguka, tukatembea kwa miguu mpaka tulipata gari." Akasita. "Baba alikuwa amevaa koti yake, iko nayo moja tu. Mausiku mbili alilala na mugongo, hakugeuka. Mama akamwambia, geuka, utaumia. Akasema, nikigeuka koti itakunjika, na ile batu banatungojea."

Mafuta yalisikika kwenye sufuria za jirani.

"Mungesema," akasema Katsuva. "Pale ku mulango, mungesema."

"Mulango ilikuwa imefungwa, Papa. Baba alisema, tuende. Muzee iko na hasira. Siku moja atatuuliza."

Miaka minne. Jamani, miaka minne, na swali lenyewe halizidi maneno matatu! Nilitaka kupiga kelele, na nadhani nilifungua mdomo, lakini Katsuva alikuwa ameinua mkono.

"Baba yako iko wapi?"

Élisée akaonyesha kwa kidevu nyumba ya pili, ya bati, yenye mlango wa mbao mbaya uliopinda. Katsuva akageuka akaelekea huko, Patience begani, viatu vimejaa maji vinapiga kelele kila hatua. Joëlle alitaka kumkimbilia na nguo kavu, nikamshika mkono. Tukamfuata nyuma, mimi, yeye na Élisée, na wanawake wa samaki wakatufuata sisi.

Alifika mlangoni. Alivua kofia. Seremala huyu ambaye hawezi kuuona mlango uliopinda bila kuutukana hakuutazama hata kidogo. Aligonga mara tatu, akarudi nyuma hatua moja, kama inavyotakiwa.

"Hodi," akasema. "Ni Katsuva, baba ya Joëlle. Nimechelewa."

Ndani tukasikia kitanda kinalia, hatua za mtu mzima zikitafuta kitu, na sauti ya mzee:

"Karibu, karibu. Mungoje kidogo tu hapo inje. Niko navaa koti."

Tukangoja.